Kamba ya Bibi Zaynab na Kikombe cha Kahawa



Katika mtihani wa fiqhi mwaka jana tuliulizwa tueleze mwanzo na mwisho wa wakati wa Swala ya Alfajiri, pamoja na hukumu ya aliyelala mpaka wakati ukampita. Nilijibu vizuri. Nilitofautisha alfajiri ya uongo na alfajiri ya kweli, nikaeleza kwamba aliyepitiwa na usingizi huswali pale anapoamka, kisha nikaongeza mjadala wa wanazuoni kuhusu yule anayejisababishia mwenyewe kulala. Alama zilikuwa nzuri. Ambacho msahihishaji hakukijua ni kwamba wiki ile yote ya mitihani niliswali Alfajiri kwa wakati wake siku mbili tu. Siku nyingine niliamka jua limeshapanda, kichwa kizito, na kikombe cha usiku kikiwa bado mezani, masimbi ya kahawa yamegandia chini.

Nilikuwa mtu wa vikombe vinne. Cha kwanza cha kufungua macho asubuhi. Cha pili baada ya chakula cha mchana, kwa sababu kipindi cha saa nane kinamlaza hata aliyesimama. Cha tatu baada ya Magharibi. Cha nne saa nne usiku, na hicho ndicho nilichokiita cha kazi. Sikuwa peke yangu, wenzangu wa bwenini ni mashahidi. Tuliambiana kwamba tunajitahidi katika njia ya elimu, na kwa kuwa kutafuta elimu ni ibada, kahawa nayo tukaiweka jirani na ibada.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: sisemi kahawa ni haramu. Mjadala huo wakubwa wetu waliumaliza zamani, na ulikuwa mkali. Watu wa mwanzo tunaowajua kukitumia kinywaji hiki walikuwa Masufi wa Yemen katika karne ya 15. Walikuwa na nyiradi za usiku, na walipoona kinaondoa usingizi wakakiingiza kwenye halaka zao. Kutoka huko kikafika Makka. Mwaka 1511 msimamizi wa masoko na maadili wa mji ule, Khair Bey, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakizungushiana vikombe. Akawaita wanazuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku na kuchomwa moto hadharani. Marufuku haikudumu. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1558, Abdulqadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima kutetea uhalali wake, na sehemu kubwa ya habari hizi tunazipata kwake. Leo kuanzia Lamu hadi Unguja kikombe kidogo cha kahawa chungu barazani ni adabu ya kumpokea mtu. Hicho simo katika kukizungumzia.

Nilipoisoma historia hii mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia mwenzangu wa chumbani: unaona, hata kahawa yenyewe asili yake ni kisimamo cha usiku!

Swali langu hapa ni jingine. Mtu anapochoka, je, uchovu wake ni kitu cha kufichwa au cha kusikilizwa? Na akiamua kuuficha, gharama yake inalipwa na nani?

Nianze na mwili. Kafeini haikupi nguvu. Nguvu hutoka kwenye chakula na usingizi. Tangu unapoamka, ubongo hukusanya kidogo kidogo kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo unavyosikia usingizi. Kafeini inakwenda kukaa kwenye kiti cha adenosini. Mgeni mwenye kiti hajaondoka, amesimama mlangoni na mizigo yake, na wenzake wanazidi kufika nyuma yake. Kafeini ikiinuka, wote wanaingia kwa pamoja. Nayo haina haraka ya kuinuka: kwa mtu mzima mwenye afya huchukua kiasi cha saa tano kupungua nusu. Kwa hiyo kile kikombe changu cha saa nne usiku, nusu yake ilikuwa bado inatembea mwilini saa tisa, wakati ambao nilikuwa nagaagaa kitandani nikidhani ni hofu ya mtihani. Ikifika adhana ndipo usingizi mzito unaponichukua. Sikuwa nimepata saa za ziada. Nilikuwa nimezikopa kutoka kwenye Alfajiri.

Sasa tuje kwenye kamba. Anas bin Malik (r.a.) anasimulia, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab: anaposwali akachoka huishika. Mtume (s.a.w.) akaamuru ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu aswali akiwa na uchangamfu, na akichoka akae. Wapo washereheshaji wanaosema huyu ni mama wa waumini Zaynab bint Jahsh, mwanamke aliyefanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kutoa sadaka alichokipata. Yaani hakuwa mvivu anayetafuta ujanja. Alikuwa amechoka kihalali, na alichokuwa akikishikilia kwa kamba ni swala.

Hilo ndilo lililonisumbua. Kamba si haramu. Swala ya usiku ni katika mambo bora. Ukikusanya kitu cha halali na kitu bora, ungetegemea upate sifa, lakini kamba ikafunguliwa.

Neno la Kiarabu katika hadithi hii ni nashat, uchangamfu, hali ya mwili na moyo kuwa wepesi kwa jambo. Neno la mzizi huo huo liko katika hadithi nyingine maarufu, ile ya shetani kufunga mafundo matatu kwenye kisogo cha aliyelala. Mtu akiamka akamtaja Allah fundo moja hufunguka, akitawadha la pili, akiswali la tatu, akapambazukiwa akiwa nashit, mchangamfu, nafsi yake njema. Angalia basi: katika hadithi moja kamba inafunguliwa ili mtu apumzike, na katika nyingine mafundo yanafunguliwa ili mtu ainuke. Uchangamfu unakuja kwa kufungua. Mimi nilikuwa nautafuta kwa kujifunga.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye ni mtu wa hoja, hakukubali. Bibi Zaynab, alisema, hakuwa na mtihani saa mbili asubuhi. Kisha akanitajia Imam an-Nawawi, ambaye imepokewa kuwa alikaa kama miaka miwili ya masomo yake bila kuuweka ubavu chini, usingizi ukimzidi anaegemea vitabu. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilimwambia tu kwamba an-Nawawi alitoka kwenye usiku wake na vitabu ambavyo mpaka leo tunavisoma, na sisi tunatoka na notisi za mhadhara mmoja tulizozisoma mara nne bila kuzielewa. Akacheka, akamimina.

Mjadala ungeishia bwenini kama si Ramadhani ya mwaka 1446, iliyoangukia Machi 2025.

Siku tatu za mwanzo wa mfungo kichwa kiliniuma vibaya, maumivu ya nyuma ya macho, nikashindwa hata kusoma juzuu yangu ya siku. Nikadhani ni njaa. Kumbe mwili uliozoea kafeini ukinyimwa ghafla hulalamika ndani ya siku moja, na malalamiko yanaweza kuchukua wiki. Wengi tunaosema mfungo unatushinda mwanzoni mwa mwezi, kinachotushinda si mfungo. Dawa niliyoipata ilikuwa mbaya zaidi: nikahamishia vikombe vyote vinne usiku, baina ya futari na daku. Katika hali hiyo nilisafiri kwenda nyumbani kwa ajili ya kumi la mwisho.

Kwetu ni Rumonge, mji wa bandari ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, Ziwa Tanganyika upande mmoja, milima upande wa pili, michikichi katikati. Walioko nje wanaujua kwa mawese na kwa ndagala, ambazo hapa mnaziita dagaa. Kahawa hatulimi, tuko chini mno kwa mbuni. Burundi kahawa ni ya vilima vya Kayanza na Ngozi, ambako wakoloni wa Kibelgiji waliwalazimisha wakulima kuipanda, na mpaka leo karibu yote inauzwa nje. Mrundi wa kawaida anaichuma na haijui ladha yake. Mimi mtoto wa ziwani ndiye niliyerudi na chupa ya chai imejaa kahawa.

Mjomba wangu, mdogo wake Mama, ni mvuvi. Lazima nieleze kazi yake kidogo ili ninachotaka kusema kieleweke. Uvuvi wa ndagala ni wa usiku, na ni wa giza. Mitumbwi miwili hufungwa pamoja, wavu hushushwa chini, taa huwashwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri. Samaki hufuata mwanga, wavu unavutwa juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi kwa sababu ziwa zima lina mwanga, basi wavuvi hukaa nchi kavu. Kwa hiyo mvuvi na Muislamu wanahesabu mwezi mmoja angani, ila inafika mahali hesabu zinagombana. Siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, ambazo ni sunna kuzifunga, zinamkuta mvuvi yuko nyumbani. Mjomba huzifunga na hazimpiti. Lakini katika kumi la mwisho la Ramadhani mwezi huchelewa kuchomoza na usiku huwa mweusi. Usiku tunaoutafutia Lailatul Qadr ndio usiku ambao ziwa linatoa samaki, na Idi iko mlangoni, watoto wanataka nguo.

Kijana aliyeanza kusoma mas-ala mawili matatu huwa na ulimi mrefu. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimemwambia, kwa adabu zote lakini nilimwambia: "Mjomba, usiku wa ishirini na saba watu wako msikitini."

Akanijibu, "Na hao wa msikitini, mwanangu, kesho watafuturu kwa nini?" Akabeba taa yake akaenda zake.

Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Nilimwona anayerudi alfajiri, anaswali pale pale ufukweni na wenzake, anafika nyumbani analala mpaka karibu na Adhuhuri. Huyu, nikajiambia, usingizi wake ni mwingi kuliko ibada yake. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba aya ya 23 ya Suratur Rum, inapoutaja usingizi katika ishara za Allah (s.w.), inautaja wa usiku na wa mchana, pamoja na kutafuta fadhila Zake. Na aya ya mwisho ya Suratul Muzzammil inapokipunguza kisimamo cha usiku, inawataja wagonjwa, wanaosafiri katika ardhi kutafuta fadhila za Allah, na wanaopigana katika njia Yake, kisha inaamrisha kisomwe kilicho chepesi. Mjomba yumo ndani ya aya ile. Tena miaka hii mafuta ya petroli yamekuwa adimu nchini kwetu, na kuna usiku wanapiga makasia kwenda na kurudi. Kahawa hanywi. Ana usingizi ambao nyumba nzima inaulinda: watoto wanafukuzwa uani, redio inazimwa, mtwangio unasubiri. Anaamka mchangamfu kuliko mimi niliyekuwa na miaka nusu ya miaka yake.

Nikadhani somo limekwisha hapo. Lilikuwa halijaanza.

Usiku wa 25 nilikesha msikitini na chupa yangu. Kusema kweli, baada ya saa saba sikujua imamu anasoma nini. Mwili ulikuwa macho, moyo unapiga kama ngoma, akili haipo. Nilikuwa nimeishika kamba kwa mikono miwili. Nikala daku, nikaswali Alfajiri, nikaanguka kitandani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Machi kwetu ni masika, na mvua ya masika haipigi hodi. Asubuhi ile Mama alikuwa amenunua ndagala kwenye mitumbwi kama kawaida yake, akazianika. Ndagala zinataka jua na zinataka mtu: zigeuzwe, zilindwe na kuku, na wingu likionekana zikusanywe haraka. Mchana wingu likaja. Mama alikuwa peke yake. Mjomba amelala, mimi nimelala, watoto wako madrasa. Alikusanya alichoweza. Karibu nusu zililowa, na ndagala zikishalowa baada ya kuanza kukauka hazina mnunuzi, harufu inafika sokoni kabla yako. Zile zilikuwa fedha za Idi, na nauli yangu ya kurudi chuoni ilikuwa humo humo.

Niliamka Adhuhuri inaelekea kwisha. Nilimkuta amekaa kizingitini, kanga imelowa, magamba mikononi.

"Mama, mbona hukuniamsha?"

"Ulikesha kwa ibada, mwanangu. Nikasema nisikuvunjie usingizi."

Hakusema kwa lawama. Angelaumu ningepata pa kujitetea.

Baada ya siku ile niliirudia hadithi ya Salman na Abu Dardaa (r.a.), iliyomo katika Bukhari, ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi na hata kuitolea darsa. Mnaijua: Salman alimtembelea ndugu yake, akakataa kula mpaka mwenyeji naye ale, na usiku kila Abu Dardaa alipotaka kuinuka kuswali akamwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku wakaswali pamoja. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wa nyumbani wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman.

Siku zote niliisoma kama hadithi ya usingizi na kiasi. Nilikuwa naruka mwanzo wake. Salman hakuanza kwa kuona macho mekundu ya Abu Dardaa. Alianza kwa kumwona Ummu Dardaa amevaa hovyo, amejiachia, akamuuliza ana nini, naye akajibu kwamba ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Hadithi nzima inatokana na mwanamke mmoja ndani ya nyumba ambaye uchovu wa ibada ya mtu mwingine umemfikia yeye. Salman aliuona kwake kwanza.

Hapo ndipo nilipopata jibu la lile swali la nani analipa. Nguvu niliyoitumia usiku wa 25 haikutoka kwenye kahawa. Kahawa iliahirisha tu. Ilitoka kwa Mama, aliyeamka saa tisa kupika daku, akawa ufukweni mitumbwi inapofika, akafunga kama mimi, akaanika, akakusanya, na jioni akapika futari. Nyumba yetu inaulinda usingizi wa Mjomba, na siku ile ikaulinda wangu. Wa kwake hakuna aliyeulinda, na sikumbuki katika maisha yangu kumwona Mama amelala mchana isipokuwa akiwa na homa.

Kuna jambo hapa nitalisema, na najua baadhi ya ndugu hawatalipenda. Sisi wanafunzi tunapenda kuwasomea akina mama hadithi ya Bibi Fatima (r.a.), mikono yake ilipochubuka kwa kusaga akaenda kumwomba baba yake mtumishi, naye akamfundisha yeye na Ali (r.a.) tasbihi, tahmidi na takbiri kabla ya kulala. Hadithi ni sahihi na nyiradi zile zina nguvu yake. Mimi mwenyewe nazisoma. Lakini tunaisoma tukiwa tumekaa, wao wamesimama. Aliyefundisha maneno yale ni yule yule ambaye Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa anafanya nini nyumbani alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ikifika hutoka. Anayemfundisha mama yake tasbihi na asiguse beseni amechukua nusu ya sunna, tena nusu iliyo rahisi kwake.

Siku zilizobaki nilibadilisha mpango. Baada ya Tarawehe nililala. Nikaamka saa nane, nikaswali rakaa nilizoziweza nikiwa najua ninachosoma, kisha nikawasha moto wa daku mimi. Alfajiri nikaenda ufukweni na beseni. Mama aligoma mwanzoni, akasema nitaibiwa kwenye kipimo, na kweli siku ya kwanza niliibiwa. Siku ya pili alikubali kujinyoosha baada ya Alfajiri. Watoto wa jirani walipokuja kupiga kelele niliwafukuza uani kama wanavyofukuzwa kwa ajili ya Mjomba. Alilala mpaka saa nne. Alipotoka alitazama jua, akatazama vichanja, akanikaripia kwa jinsi nilivyozigeuza.

Niliporudi chuoni nilipunguza kahawa taratibu, kikombe kimoja kila baada ya siku kadhaa, na kile cha saa nne usiku ndicho kilichotangulia kuondoka. Anayetaka kufanya hivyo kwa ajili ya Ramadhani aanze Shaaban, asingoje mwezi uandame. Sijaacha kabisa, nabaki na kimoja cha asubuhi. Usomaji wangu mkubwa nimeuhamishia baada ya Alfajiri. Abu Barza (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, na nimegundua kwamba kilichokuwa kinaniweka macho bwenini mara nyingi hakikuwa kitabu, yalikuwa hayo mazungumzo. Mchana nikipata dakika 20 za qailula, kipindi cha saa nane napita bila kikombe. Na chakula: chai ya sukari nyingi na andazi inakuinua saa moja na kukuangusha saa ya pili. Maharage, ndagala na lengalenga, tulivyokulia navyo na ambavyo tukifika chuoni tunaviona vya kishamba, vinakaa. Chai ikisubiri kidogo baada ya chakula ni bora, kwa sababu ikinywewa pamoja nacho inazuia mwili kuchukua madini ya chuma.

Lakini uchovu mwingine si wa kutibiwa kwa ratiba. Malaria, upungufu wa damu, kichocho kwa sisi tuliokulia kuogelea ziwani, vyote huja kwa sura ya uvivu. Kama umelala wiki mbili vizuri na bado magoti hayabebi, nenda ukapimwe. Nina wasiwasi na tabia yetu ya kumwambia kila aliyechoka kwamba imani yake imeshuka.

Na kuna wenzetu humu humu chuoni ambao shauri langu la kulala baada ya Isha ni tusi kwao: anayelinda geti usiku ili alipe ada, dada mwenye mtoto mchanga bwenini. Kwao sina hadithi ya kuwasomea zaidi ya aya ile ya Muzzammil. Labda swali liende kwetu tuliobaki, tunaoishi nao chumba kimoja, tunaowaona wanasinzia darasani na kuwacheka.

Mwenzangu wa chumbani bado anakunywa. Tumekubaliana kwamba taa izimwe saa tano.

Mama hajui kwamba nimeandika haya. Nilimpigia simu juzi baada ya Alfajiri, akashtuka. "Umeamka mapema, una mtihani?" Nikamwambia sina. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimeamka tu, nataka kujua jana alilala saa ngapi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema nimpigie baadaye, mitumbwi imefika.